Nashona kila nguo mara mbili: ninavyojifunza ujenzi wa nguo (uzi mrefu, karibuni)

Mshono wa Ndani #1

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni mwanafunzi wa mitindo, mwaka wa pili. Nilipoanza masomo nilikuwa najua kuchora. Magauni yangu ya kwenye karatasi yalikuwa na kola, marinda na mikono iliyofura begani. Kisha likaja somo la kushona, tukaambiwa kila mtu ashone sketi nyoofu yenye zipu nyuma. Nilikaa mbele ya cherehani na vipande vyangu vimeshakatwa, nisijue kinachotangulia. Zipu, au mshono wa ubavuni? Mkanda wa kiuno unaingia lini? Nilikuwa nimechora sketi nyingi sana na sikuwahi kujiuliza hata moja inafungwaje.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, na ndio uliofanya nifungue uzi huu: kila nguo naishona mara mbili. Paterni (vile vipande vya karatasi vya kukatia) ileile, kitambaa cha aina ileile, mpaka mwisho, na upindo na vifungo. Ile ya kwanza sifumui kitu. Nikikosea naandika kwenye daftari, naendelea. Ya pili naishona daftari likiwa wazi mezani.

Nianze na hiyo sketi.

Sketi ya kwanza ilinitokea na kasoro mbili kubwa. Moja ilikuwa kwenye dati (kwa asiyejua, dati ni ule mkunjo wa pembetatu unaoshonwa kiunoni au kifuani ili kitambaa bapa kifuate umbo la mwili). Kwenye ncha ya kila dati pakatokea kiuvimbe kama kipele, na pasi haikukiondoa. Nilikuwa nimeshona kutoka upande mpana hadi kwenye ncha, halafu nikarudisha cherehani nyuma kufunga uzi, kama ninavyofunga mshono mwingine wowote. Kumbe pale kwenye ncha huo mrundikano wa uzi ndio unaokivuta kitambaa. Tena nilifika kwenye ncha kwa kukata kona ya ghafla. Mara ya pili nilishona ile sentimita ya mwisho karibu sambamba na mkunjo, mishono mitatu minne ya mwisho ikishika nyuzi chache tu za ukingo, nikaacha uzi mrefu na kuufunga fundo kwa mkono. Kisha nikapiga pasi juu ya taulo lililokunjwa, maana nyonga ni ya mviringo, na dati iliyopigwa pasi kwenye meza bapa inalazimishwa kurudi ubapa. Kipele kikaisha.

Kasoro ya pili ilikuwa zipu. Ilikaa kama mawimbi. Niliposhona nilikuwa navuta kitambaa ili kiende, nacho kikanyooka kuliko utepe wa zipu, na utepe wa zipu haunyooki. Nilipokiachia, kikarudi na kujikunja. Mara ya pili nilibandika kwa pasi vipande vyembamba vya kile kitambaa chenye gundi upande mmoja, upana wa sentimita 2, kila upande wa zipu. Nikapiga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono kwanza, ndipo nikashona kwa cherehani. Bandi ilinichukua muda kuliko cherehani yenyewe. Zipu ikalala.

Lakini kubwa kuliko hizo mbili ni jibu la swali langu la kwanza, kipi kinatangulia. Mara ya kwanza nilishona ubavu wote, nikabaki na sketi iliyo kama bomba, kisha nikahangaika kuingiza zipu ndani ya bomba hilo. Mara ya pili nilianza na dati, nikaweka zipu nyuma wakati vipande viwili vya nyuma bado vimelala mezani, mbavu zikafuata. Kazi yoyote inayoweza kufanyika kitambaa kikiwa bapa, ifanye kabla hujakifunga. Tangu nilipolielewa hilo, kila nguo ninayoiona naanza kuisoma kwa mpangilio: hapa walianza na mfuko, hapa kola iliingia kabla ya mikono.

Nitaendelea na blauzi. Mwenye maswali aulize, mwenye ujuzi anisahihishe.

Binti Sindano #2

Naweka kambi hapa. Mimi naanza kabisa, cherehani ninayo nyumbani. Tatizo langu ni uzi kujikusanya chini ya kitambaa kama kiota kila nikianza kushona. Nimebadilisha bobini mara tatu na bado.

Fundi Mkongwe #3

Binti, bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, haina kosa. Kiota kikiwa chini, tatizo mara nyingi liko juu.

Cherehani yako inashona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu unashuka na sindano, unazungushwa kwenye bobini, unapanda. Nyuzi zinatakiwa kukutana katikati ya unene wa kitambaa. Elias Howe alipata hataza ya mshono wa namna hii mwaka 1846, na sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha, kama ilivyo kwako leo. Kinachofanya nyuzi zikutane katikati ni mkazo. Uzi wa juu unapita kati ya visahani viwili vinavyoubana. Mguu wa cherehani ukiwa juu, visahani vinaachana. Ukiwa chini, vinabana. Sasa wengi wanatunga uzi mguu ukiwa chini, uzi unapita juu ya visahani badala ya kuingia kati. Unabaki huru, hauna mkazo hata kidogo, bobini inauvuta wote chini.

Inua mguu, toa uzi wote, tunga upya toka kwenye kigurudumu cha uzi wa juu. Ukianza kushona shika ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma mpaka zipite hatua mbili tatu.

Na wewe Mshono wa Ndani, kazi ya dati umeieleza sawasawa. Kuhusu kutofumua nina neno, lakini nitangoja nione blauzi.

Binti Sindano #4

Shikamoo fundi. Nimeinua mguu, nimetunga upya. Imeshona msitari mzima bila kiota! Asante sana.

Fundi Mkongwe #5

Marahaba. Sasa shona misitari ishirini kwenye kitambaa chakavu kabla hujagusa kizuri.

Mshono wa Ndani #6

Shikamoo fundi, nakusubiri kwa hilo neno.

Nguo ya pili ilikuwa blauzi isiyo na mikono, shingo ya mviringo, na kipande cha ndani cha kumalizia shingo. Niliidhania rahisi kuliko sketi kwa sababu haina zipu.

Shingo ikatanuka. Kwenye paterni nusu ya shingo ya mbele ilikuwa sentimita 13, na nilipoipima kwenye nguo ilikuwa karibu 14. Sikuwa nimevuta popote, au ndivyo nilivyodhani. Ilibidi nirudi kusoma kitambaa chenyewe, jambo ambalo darasani nilikuwa nimelipita haraka.

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu sambamba na ukingo uliofumwa, na nyuzi za mshindio zinazovuka. Ukivuta kufuata mtande, hakinyooki karibu kabisa. Mshindio unanyooka kidogo. Ukivuta hanamu, yaani pembe ya digrii 45, nyuzi hazirefuki bali zinabadilisha pembe, viraba vinakuwa almasi, kitambaa kinarefuka na wakati huohuo kinapungua upana. Madeleine Vionnet, mbunifu wa Ufaransa, alijenga jina lake kwa kukata magauni mazima hanamu katika miaka ya 1920 na 1930, yakashika mwili bila dati nyingi. Lakini hanamu iliyo neema kwenye gauni lake ndiyo iliyoniharibia shingo. Shingo ya mviringo inaanza kufuata uzi mmoja na kumalizia kwenye uzi mwingine, na katikati ya safari inapita hanamu. Pale ndipo inapotanuka, kwa kuinyanyua tu, kwa kuijaribu mwilini, kwa kuining'iniza kwenye kiti usiku mzima kama nilivyofanya.

Mara ya pili, nilipomaliza kukata tu, kabla ya kitu kingine chochote, nilishona msitari mmoja wa kuzuia kuzunguka shingo, ndani ya nafasi ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo), karibu na mahali mshono utakapopita, mishono mifupi ya milimita 2. Nilishona kutoka begani kwenda katikati, kisha kutoka bega la pili kwenda katikati, ili pande zote mbili zivutwe sawa. Shingo ikabaki sentimita 13.

Tena kipande cha ndani kilikuwa kinachungulia nje kila nikivaa ile ya kwanza. Dawa yake ni ndogo na naipenda sana. Baada ya kushona shingo, punguza nafasi ya mshono, ikate vikato vidogo kwenye tao ili iweze kufunguka, ielekeze yote upande wa kipande cha ndani, kisha shona msitari kwenye kipande hicho, milimita 2 kutoka kwenye mshono, ukishika na zile nafasi zilizo chini yake. Msitari huo hauonekani nje. Unakivuta kipande kiingie ndani chenyewe. Nikiona nguo ya dukani naigeuza kutazama kama wameufanya.

Kola Wima #7

Nafundisha kushona na nimefurahi kusoma haya. Swali langu: hiyo ya kwanza si ndiyo nguo ya majaribio tunayoshona sote kwa merikani? Unatofautishaje?

Mshono wa Ndani #8

Mwalimu, swali zuri. Nguo ya majaribio nashona pia, kwa merikani, kwa mishono mirefu. Hiyo inanijibu kama paterni inakaa mwilini. Haina zipu, haina upindo, haina kipande cha ndani, kwa hiyo hainifundishi kuvitengeneza. Niliwahi kuwa na nguo ya majaribio iliyokaa vizuri kabisa na nguo halisi iliyoharibika, kwa sababu paterni ilikuwa sahihi na mikono yangu haikuwa na mazoea. Nguo mbili ninazosema hapa zote ni kamili. Ya majaribio inapima paterni, hizi mbili zinanipima mimi.

Kola Wima #9

Nimekuelewa. Wanafunzi wangu wengi wanapenda kurukia mradi mpya, wiki hii gauni, wiki ijayo koti, na kila mradi wanaufanya kwa mara ya kwanza. Miaka miwili inapita na hawajawahi kuweka zipu ya pili ya aina ileile. Nitaujaribu utaratibu wako darasani.

Pindo Jembamba #10

Jamani naomba msaada wa haraka, nisiharibu uzi. Nimekata sketi ya duara kamili, nimeshona, leo nimeivaa mara ya kwanza na chini haiko sawa, pembeni imeshuka. Na kiuno kimekuwa kikubwa. Nilipiga hesabu vizuri, kiuno 70.

Mshono wa Ndani #11

Karibu, huharibu. Hesabu ya duara kamili ni kiuno gawanya kwa 6.28, kwa hiyo 70 inakupa nusu kipenyo cha sentimita 11.1. Je, ulikata hapohapo kwenye 11.1? Kama ulikata hapo, mshono ulikula sentimita 1 zaidi ndani ya kitambaa, na kiuno chako kikawa cha duara la 12.1, yaani kama 76. Ungekata kwenye 10.1. Na msitari wa kuzuia, kama ule wa shingo, maana kiuno cha duara nacho kinapita hanamu mara nne.

Kushuka kwa chini ni uzito wa kitambaa kwenye zile sehemu za hanamu. Ining'inize siku nzima kabla ya kukunja upindo, kisha ivae, mtu akupimie kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula kuzunguka pande zote. Usipime kutoka kiunoni kwenda chini.

Pindo Jembamba #12

Kweli nilikata kwenye 11.1. Asante, nafumua kiuno leo.

Fundi Mkongwe #13

Pindo kasema neno lenyewe: anafumua. Sasa niseme langu.

Mwanangu, kurudia nguo mara mbili nakuunga mkono kwa moyo wote. Sisi tulioshika kazi kwa mafundi tulishona kola moja mwezi mzima. Ila hapo unaposema ya kwanza hufumui, hapo unajinyima. Kosa ukiliacha ndani ya nguo ukaandika kwenye daftari, umeandika unachokiona kwa nje. Ukifumua, unaona lilikotoka. Kitambaa kilichofumuliwa kina matundu ya sindano, kina alama ya pasi, unakirudisha juu ya paterni unakilinganisha. Kosa linaonekana begani, kumbe limezaliwa kwenye mkasi. Daftari halitakuambia hivyo.

Jaribu kwenye mikono. Hujafika kwenye mikono bado.

Mshono wa Ndani #14

Fundi, nimekusoma mara tatu. Sababu yangu ya kutofumua ilikuwa kwamba nikifumua nafumua siku nzima, nguo haiishi, na sijifunzi hatua zinazofuata. Mwaka jana niliacha nguo nne njiani kwa namna hiyo. Lakini nitafanya unavyosema kwenye mikono. Wiki ijayo nakata shati.

Binti Sindano #15

Wakati tunasubiri shati, nani anieleze namba za sindano? Pakiti imeandikwa 80/12.

Kola Wima #16

Ni sindano moja, namba mbili za mifumo miwili. 80 maana yake unene wa milimita 0.8. Kwa pamba ya kawaida hiyo inafaa. Kitambaa chepesi sana, shuka hadi 60 au 70. Jinzi, panda hadi 100. Kitambaa cha kunyooka kama cha fulana kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, inayopita kati ya nyuzi badala ya kuzitoboa. Ukiona mshono unaruka hatua kwenye fulana, badilisha sindano kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Mshono wa Ndani #17

MREJESHO WA SHATI.

Samahani kwa kukawia. Nina mengi ya kusema, na yote ni ya mikono. Kola, mfuko na vifungo vilikwenda kwa kufuata mpangilio na sina jipya kwenye hivyo.

Kichwa cha mkono, ile sehemu ya juu yenye mwinuko, huwa kirefu kuliko tundu la kwapa kinamoingia. Kwenye paterni yangu tundu lilikuwa sentimita 44 na kichwa cha mkono 47. Hizo sentimita 3 za ziada lazima ziingie bila kuonekana marinda, kwa sababu ndizo zinazoupa mkono nafasi ya kuzunguka mfupa wa bega.

Shati la kwanza, mkono wa kulia uliingia kwa urahisi kabisa. Nilibana pini, nikashona, hakuna hata kikunjo. Nilifurahi. Mkono wa kushoto ukanitesa: marinda matatu mbele, nikafumua, marinda mawili nyuma, nikafumua, nikashona tena, rinda moja juu kabisa. Kwenye daftari nikaandika: kulia sawa, kushoto rudia namna ya kubana pini.

Hapo ndipo nilipokumbuka neno la fundi. Nikafumua yote miwili, hata ule wa kulia niliouona mzuri. Nikafumua na mabega na mbavu. Nikalaza kipande cha mbele mezani juu ya paterni.

Kwapa la kulia lilikuwa limetanuka, sentimita moja na nusu nzima. Nilikuwa nimelikata la mwisho, kitambaa kikining'inia nje ya meza, na uzito wake ukavuta tao lote hanamu. Msitari wa kuzuia niliuweka shingoni tu, makwapani sikuweka. Kwa hiyo tundu la kulia lilikuwa 45.5, na mkono wa 47 ulikuwa na ziada ya sentimita 1.5 tu ya kumeza. Ndiyo maana uliingia bila shida. La kushoto ndilo lililokuwa sahihi, 44, na ziada yake kamili ya sentimita 3.

Upande nilioandika "sawa" ndio uliokuwa na kasoro. Nilipolivaa kabla ya kufumua, upande wa kulia wa kifua ulikuwa unaachama kidogo karibu na kwapa, nikadhani ni mwili wangu. Kama ningeendelea na utaratibu wangu wa kuandika tu, kwenye shati la pili ningejitahidi mkono wa kushoto ufanane na wa kulia. Ningelifundisha kosa mkono wangu kwa makusudi.

Fundi, nakushukuru sana. Nimelia kidogo siku ile, nasema ukweli, kisha nikakata la pili.

La pili nimelifanya hivi. Meza nzima, kitambaa chote kimelala, hakuna kinachoning'inia. Msitari wa kuzuia kwenye makwapa mara tu baada ya kukata. Kwenye kichwa cha mkono, misitari miwili ya mishono mirefu ya milimita 4, yote ndani ya nafasi ya mshono, kutoka alama ya mbele kupita juu hadi alama za nyuma. (Alama moja ni ya mbele, mbili ni za nyuma. Ni desturi ya paterni nyingi, inakuzuia kubadilisha mkono wa kulia na wa kushoto.) Chini ya alama hizo, kwenye kwapa lenyewe, sikuweka ziada yoyote, vipimo ni sawa kwa sawa. Nikavuta nyuzi taratibu mpaka kichwa kikajipinda chenyewe kama kikombe, nikakiweka juu ya taulo lililokunjwa na kukipiga pasi ya mvuke kwenye ukingo tu. Pamba ilipungua mbele ya macho yangu, vile vikunjo vidogo vikamezwa.

Kisha pini: katikati ya kichwa na mshono wa bega kwanza, halafu alama, halafu chini ya kwapa, mwisho kati ya pini na pini. Nikapiga bandi, nikavaa, nikainua mikono. Ndipo cherehani.

Mikono yote miwili imeingia, na yote miwili imenipa kazi sawa. Sasa najua hiyo kazi ndiyo dalili kwamba vipimo viko sahihi.

Fundi Mkongwe #18

Nimesoma nikasimama. Hapo umeshaanza kushona.

Nyongeza moja. Unaposhona kwa cherehani, kipande chenye ziada kiweke chini, upande wa meno, na kilicho kifupi juu. Meno yanavuta kitambaa cha chini kiende mbele, mguu unakizuia cha juu kidogo. Kwa hiyo cha chini kinamezwa chenyewe. Wapo wanaopenda kuweka mkono juu ili wauone, na kwa mwanafunzi si kosa, lakini jaribu hivyo ukishazoea.

Kola Wima #19

Cristóbal Balenciaga alijulikana kwa jambo hilihili. Alikuwa Mhispania aliyefanya kazi Paris, alizaliwa 1895 akafariki 1972, na alikuwa mkali sana wa mikono ya nguo. Alikuwa akiifumua na kuishona upya mpaka ikae anavyotaka. Wanafunzi wangu wakilalamika kuhusu kufumua huwa nawaeleza habari zake. Sasa nitawaonyesha na uzi huu.

Binti Sindano #20

Dada, kwa hiyo ile sheria ya kutofumua umeiacha?

Mshono wa Ndani #21

Nimeibadilisha, mdogo wangu. Ya kwanza naimaliza yote bila kufumua, mpaka kifungo cha mwisho, ili nguo isinifie njiani. Ikishakwisha, naivaa, naandika kwenye daftari ninachodhani ni kosa. Kisha naifumua yote, kipande kwa kipande, nalinganisha na paterni na kupima kila mshono, naandika upya kwa kalamu nyekundu. Kwenye shati, mambo saba niliyoandika kwa kalamu nyeusi, manne yalikatwa na nyekundu. Baada ya hapo ndipo nakata ya pili.

Inachukua muda mrefu. Nguo mbili kwa mwezi, labda. Wenzangu darasani wanamaliza nne. Sijali tena.

Fundi, mwezi ujao nakata suruali. Nimeshasoma kwamba tao la kati, kule miguu inapogawanyika, ndilo linaloharibu suruali za wengi, na la nyuma ni refu kuliko la mbele. Nianzie wapi?

Fundi Mkongwe #22

Anza na kipimo, usianze na mkasi. Funga utepe kiunoni mahali mkanda utakapokaa. Kaa kwenye kiti cha ubao, kisicho na godoro, mgongo wima, miguu imelala sakafuni. Mtu akupime ubavuni, kutoka kwenye utepe mpaka kwenye ubao wa kiti. Hicho ndicho kina cha tao. Usijipime mwenyewe, ukiinama kinabadilika. Ongeza kidogo, sentimita 1 hadi 2, upate kukaa kwa raha.

Kisha chukua suruali yako ya zamani isiyonyooka inayokukaa vizuri kuliko zote, pima kwa futikamba iliyosimama kwa ukingo kufuata mshono wa tao lote, kutoka kiunoni mbele kupita chini hadi kiunoni nyuma. Andika mbele ngapi na nyuma ngapi, kila moja peke yake. Linganisha na paterni yako kabla hujaweka chaki.

Ukiivaa ya majaribio, tazama mikunjo. Mkunjo ni kidole, unaonyesha panapobana. Ikitoka kwenye tao na kupanda kama miale kwenda nyonga, tao ni fupi. Kitambaa kikilundikana chini ya makalio, nyuma kuna urefu usiohitajika. Usiziguse pande zote mbili siku moja. Rekebisha moja, vaa, tazama, ndipo ushike ya pili.

Na mbavu za ile ya majaribio ziache na nafasi ya sentimita 3 badala ya 1.5, upate pa kuachia.

Mshono wa Ndani #23

Nimepata kiti cha ubao. Kina chetu ni 27, nimeongeza 1.5. Tao la suruali ya zamani: mbele 28, nyuma 37. Paterni inasema mbele 28 na nyuma 34.5.

Naanza na nyuma.